NFD ilifutwa 1963, mbona bado tunaitwa watu wa NFD?

Najua nimepotea. Mitihani ya ndani pamoja na mipango ya mazoezi ya ualimu (hiyo TP ambayo kila mtu wa mwaka wetu anaililia) imenimaliza kabisa. Lakini kuna jambo limenikaa kooni na nisipolitoa leo sitalala.

Jambo lenyewe ni sentensi moja: "Hawa watu wa kaskazini hawajawahi kuamua kama wao ni Wakenya ama Wasomali." Nyote mmeisikia. Mimi nimeisikia kwa matatu, nimeisikia kwa redio, na juzi nimeisikia darasani, ikitoka kwa mtu anayelipwa kutufundisha Historia, na nusu ya darasa ikatikisa kichwa kukubali. Mimi ni mtoto wa Isiolo. Baba Mborana, mama Mmeru. Darasani muda uliisha. Hapa muda ninao.

Wacha niseme hoja yangu mapema ili mtu asije akasema nimezunguka mbuyu. Utambulisho wa watu wa mpakani hautoki kwa damu. Unatengenezwa, na huku kwetu fundi mkuu alikuwa serikali, ile ya mkoloni na hizi zilizomfuata. Kwa hivyo kumuuliza mtu wa Wajir kwa nini anajiita mtu wa NFD ni kama kumchanja mtu chale usoni halafu umuulize kwa nini ana alama.

Mtu wa damu ataniambia, "Lakini wao wana ndugu ng'ambo ya mpaka." Sawa. Na Wamasai je? Mpaka wa Kenya na Tanzania umewapasua katikati, jamaa wako Kajiado na wengine wako Longido, na wanaoana na kuuziana ng'ombe kila siku. Mmewahi kusikia mhadhara ati Wamasai hawajaamua kama ni Wakenya? Wasamia wako Busia hii na Busia ile. Nani anawauliza? Kwa hivyo kuwa na ndugu ng'ambo si hoja. Tofauti ni kwamba ardhi ya Wamasai ilikatwa mara moja ikaachwa, lakini ya kwetu iligombaniwa na nchi mbili, na kila aliyeigombania alitaka kwanza kutupa jina.

Tuanze basi na hilo jina. NFD ni Northern Frontier District, wilaya ya mpaka wa kaskazini. Waingereza waliiunda mnamo 1909 na 1910. Kabla ya hapo hakuna mtu aliyeamka asubuhi akasema "mimi ni mtu wa NFD". Kulikuwa na Waborana, Wasakuye, Wagabra, Warendille, Waburji, Wagarre, Waajuran, Wadegodia, Waogaden na wengine. Walipigania visima, wakaoana, wakafanya mikataba ya malisho, wakaivunja. Hawakuwa kitu kimoja hata siku moja.

Waingereza walifanya nini? Walifunga mlango. Tayari kulikuwa na sheria ya 1902 ya kufungia wilaya za pembezoni, na mwaka 1934 wakaongeza ya wilaya maalum. Kuingia kulihitaji kibali. Mtu wa huko kutoka kwenda kwingine Kenya, kibali. Ndani ya hiyo nyumba iliyofungwa wakachora mstari mwingine wa malisho, Wasomali wakae mashariki na Waborana magharibi. Halafu 1925 wakaikata Jubaland na Kismayu yake wakawapa Waitaliano, kama zawadi ya kusaidiana kwenye Vita Vikuu vya Kwanza. Watu wa Kismayu walilala wakiwa chini ya Nairobi wakaamka wakiwa chini ya Roma. Hakuna aliyeulizwa, si binadamu si ngamia.

Sasa fikirieni hapo kidogo. Vitabu vyetu vya chuo vinapenda kusema utambulisho hujengwa na lugha, dini, wimbo na bendera. Huku kwetu umejengwa na karatasi ya ruhusa. Mborana na Msomali walioshikiana mikuki asubuhi kwa sababu ya kisima, mchana wanasimama foleni moja mbele ya afisa mmoja kuomba kibali kilekile. Ukiwasimamisha watu kwenye foleni moja kwa miaka hamsini watapata la kuzungumza. Watajiona wana shida moja, halafu watalichukua lile jina ulilowaandikia kwenye fomu na kulifanya lao.

Tuje kwa hiyo habari ya "hawajawahi kuamua". Hii ndiyo inanikera zaidi kwa sababu ni uongo wa wazi. Mwaka 1962 waliulizwa! Baada ya mkutano wa Lancaster House, Uingereza ilituma tume ya watu wawili, mmoja kutoka Nigeria na mwingine kutoka Kanada, wakazunguka NFD wakiuliza watu wanataka nini. Walijibiwa. Wasomali karibu wote, na wengi wa Waislamu wengine, walisema wanataka kujiunga na Somalia. Wengine, hasa miongoni mwa Waborana na majirani zao, walisema wanabaki Kenya. Kulikuwa na vyama vya upande huu na vya upande ule. Ilikuwa siasa kama siasa yoyote, watu wazima wakibishana kuhusu kesho yao.

Machi 1963 Uingereza ikatangaza kwamba hakuna kujitenga, kutakuwa na jimbo jipya la Kaskazini Mashariki ndani ya Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi huohuo. Garissa, Wajir na Mandera zikawekwa kwenye jimbo jipya. Isiolo, Marsabit na Moyale zikapelekwa Mashariki. NFD ikafutwa kwenye ramani.

Mimi sisemi uamuzi ule ungefaa kuwa mwingine. Mimi ni Mkenya na nimefurahi kuwa Mkenya. Ninachosema ni kwamba watu waliamua, wakaamua tofauti tofauti, na jibu lao likawekwa kabatini. Kusema leo kwamba hawakuamua ni kuwaiba mara ya pili.

Na tusiwasahau walioamua upande wa Kenya. Ukiwa Nairobi katikati ya mji umepita Wabera Street mara ngapi? Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mborana, mkuu wa wilaya wa kwanza Mwafrika wa Isiolo. Alisimama na Kenya waziwazi, na Juni 1963 akauawa kwa risasi pamoja na Chifu Haji Galma Dida. Alikufa kwa ajili ya Kenya ambayo ilikuwa haijapata hata uhuru. Makomredi wenzangu wanapita barabara hiyo wakienda kununua viatu, halafu wanakuja kuniuliza mimi kama watu wangu wameamua.

Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 28 mwezi huohuo, siku kumi na sita baadaye, hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki. Mnajua iliondolewa lini? 1991. Mtoto aliyezaliwa Mandera siku ile alifika miaka karibu 28, ameoa na ana watoto, hajawahi kuishi siku moja chini ya sheria za kawaida ambazo mtoto wa Nyeri au Kisii aliishi nazo. Halafu tunashangaa kwamba mzee wa Wajir akipanda basi la Nairobi anasema "naenda Kenya". Angesema anaenda wapi?

Vita vya miaka ile serikali iliviita vya shifta, yaani majambazi. Neno moja tu, na madai ya kisiasa yakawa ujambazi, na kila mfugaji mwenye kanzu akawa mshukiwa. Huku Isiolo wazee wetu wana jina lao la wakati ule. Wanauita Gaaf Daaba, wakati wa kuzuiwa. Watu walikusanywa kwenye kambi zenye ulinzi wakakatazwa kutoka na mifugo, na mnyama asiyelishwa mnajua mwisho wake. Wasakuye walikuwa watu wa ngamia, wakatoka kwenye kambi wakiwa karibu hawana ngamia. Ukoo mzima ulifilisika bila kupelekwa mahakamani.

Sasa sikilizeni hii, wale mnaosoma somo la Serikali. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa mambo waliyoyafanya kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Wapi? Kaskazini Mashariki, na pia wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Mnaona? Kwenye ramani Isiolo na Marsabit zilikuwa Mashariki, pamoja na Meru na Machakos. Lakini ilipofika kwenye kuamua mahali ambapo askari hataulizwa, sisi tukarudishwa kwenye lile fungu la zamani. Kaka yangu wa Meru, kilomita chache kutoka kwetu, sheria ile haikumgusa. Nani basi aliiweka NFD hai baada ya 1963? Mzee wa ngamia ama Bunge?

Ili mtu asiseme naegemea upande, Mogadishu nayo haina usafi. Somalia iliweka nyota ya pembe tano kwenye bendera na pembe moja ilikuwa sisi. Hawakutuuliza kama tunataka kuwa pembe ya nyota ya mtu. Walichochea vijana, wakawapa silaha, na Oktoba 1967 viongozi wakakutana Arusha, Rais Kaunda akiwa msuluhishi, wakapeana mikono wakamaliza. Vijana wakaachwa porini na jina la shifta, na mama zao kambini. Mogadishu ilituita Wasomali wa ng'ambo, Nairobi ikatuita majambazi. Mtu akiitwa hivi na huyu na vile na yule, atakimbilia jina la tatu. Hilo la tatu ndilo NFD.

Tunaendelea. Agosti 1982 wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali ya Moi. Aliyeongoza jeshi kuzima mapinduzi yale ni Jenerali Mahamoud Mohamed, Msomali wa Kenya, mtoto wa Garissa. Februari 1984, mwaka mmoja na nusu tu baadaye, wanaume Wadegodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri watu 57. Walionusurika wanataja mamia na maelfu. Mtu mmoja anaokoa serikali, na jamaa wa watu wake wanalazwa kifudifudi kwenye changarawe. Hapo niambie uaminifu unasaidia nini.

Halafu 1989 kukaja ukaguzi wa Wasomali peke yao, wakapewa kadi za rangi ya waridi za kuonyesha kwamba wao ni Wakenya kweli. Raia wengine wote kipande kimoja, wao viwili. Aprili 2014 misako ya Eastleigh, watu wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Ni mkono uleule, umebadilisha shati tu.

Na mimi kizazi cha juzi? Nilipofika miaka 18 nilienda ofisi moja ya serikali (sitaitaja) kuomba kitambulisho. Nikaambiwa nilete cha baba. Nikaleta. Cha babu? Babu alikufa zamani. Nikaambiwa nirudi siku ya wazee, nikakaa mbele ya watu watano wakaniuliza ukoo wetu ulichotea maji kisima gani. Mimi! Msichana aliyefanya mtihani wa Kiswahili akapata A! Nilirudi mara tatu. Mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja hapa hosteli, mtu wa Kirinyaga, alipeleka cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mamake, akaweka vidole, akaenda zake kula chipsi. Upande wa mama, mabinti wa rika langu wamepata kama yeye. Damu ni ileile nusu. Kilichonifanya nihisi mimi ni mtu wa kaskazini si mzee yeyote wa Kiborana aliyenihubiria. Ni ile benchi.

Februari 2025 Rais Ruto, akiwa ziara huko, alitangaza mwisho wa ukaguzi huo wa ziada. Nilipiga vigelegele, sifichi. Lakini wiki hiyohiyo redio zilijaa watu wakilalamika kwamba sasa magaidi watapata vitambulisho. Hoja hiyo si ya kudharau na sitaikimbia, kwa sababu tumezika watu. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi kama sisi, wengine walikuwa wanasomea ualimu kama sisi.

Lakini angalieni mambo yalivyokuwa. Mmoja wa washambuliaji wale alikuwa Mkenya mwenye shahada ya sheria kutoka chuo kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Kitambulisho alikuwa nacho. Benchi ya wazee isingemkamata. Na nani alikuwa ameiambia serikali kwamba kijana huyo amepotea? Baba yake. Kwa hivyo usalama wa mpaka unategemea baba kama yule kuamini kwamba akiripoti atasikilizwa, hatageuzwa mshukiwa. Kila ukimdhalilisha kwenye kaunta ya vitambulisho unamfundisha kunyamaza.

Na kama mnataka jibu la swali "wao ni nani", lilitolewa Desemba 2015 kwenye basi la kwenda Mandera. Magaidi walisimamisha basi karibu na El Wak wakataka abiria wagawanyike, Waislamu huku na Wakristo kule. Abiria Waislamu wakakataa, wakawavisha wenzao hijabu, wakawaambia waue wote ama waondoke. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi hapo na akafariki Januari 2016. Hakuna tume iliyomtuma. Hakuna kadi ya rangi ya waridi iliyomfundisha. Alikuwa mtu wa mpakani, na mwalimu.

Hapa ndipo linatuhusu sisi wa Elimu. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na tume ya walimu ikawahamisha kwa wingi walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Siwalaumu walimu wale. Mtu ana roho moja. Lakini mtoto wa darasa la sita aliona nini? Aliona mwalimu wa Hisabati mwenye jina la Kikamba akipakia sanduku, na yule wa kwao akibaki. Hakuna kitabu cha uraia kinachoweza kushindana na somo hilo. Serikali ilipaswa kulinda shule kama inavyolinda benki. Ilichagua kuhamisha walimu, na mpaka ukasogea tena, safari hii ukapita katikati ya chumba cha walimu.

Na sisi wenyewe wa kaskazini nina neno. Tuache kuwaita watu wa bara "nywele ngumu" halafu tunalalamika tukiitwa "wariahe". Na wale waheshimiwa wetu wanaosema "sisi watu wa NFD tumeonewa" wakiwa Nairobi, wakirudi nyumbani wanagawanya watu kwa koo na kupigania jiwe la mpaka wa kaunti, waache kutufanya wajinga. Tangu ugatuzi uanze 2013 pesa zinafika, na lami imefika mpaka Moyale. Jina la maumivu ya babu zetu si kibali cha kula hizo pesa.

Wiki ijayo tunajaza fomu za TP. Wengi wenu mmeniambia wazi kwamba Garissa hamuendi hata kwa helikopta, na mimi siwezi kumlazimisha mtu ambaye serikali haijamhakikishia kulala salama. Lakini popote mtakapopelekwa, Kakamega, Kilifi ama Embu, mtasimama mbele ya watoto na mada ya uhuru itafika. Msiwafundishe kwamba shifta walikuwa majambazi na mkapita. Wafundisheni 1962 kulikuwa na swali na kulikuwa na majibu. Wataje Wabera na Wagalla kwenye kipindi kimoja. Waambieni Gaaf Daaba ni historia ya Kenya, si ya "huko".

Mimi nimeandika Wajir chaguo la kwanza. Mama hajajua, na mkimwambia kabla yangu tutakosana.

Karibuni mnipinge. Lakini ukija na ile sentensi ya "hawajawahi kuamua", njoo na tarehe.